Ukuta Wangu Haubomolewi kwa Ajili ya Friji

Nyumbani kulekule,
Jumanne, tarehe 11 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha ubishi. Shemeji hajambo? Kikohozi chake kimepungua au bado anakificha? Mimi sijambo. Macho yamepimwa, nimepewa miwani, na sasa naona hata vumbi ambalo sikuwa na haja ya kuliona. Presha imetulia, ingawa kwa yaliyonipata ingekuwa na haki ya kupanda.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa chini, nyoosha mguu, unisome mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Umesema nimemwaibisha mtoto. Umesema mzazi akiletewa kitu hupokea kwa mikono miwili na kushukuru, na kwamba wapo akina mama wasioletewa hata kijiko. Hilo la mwisho ni kweli, na limenigusa. Lakini umesikia habari ya upande mmoja, na aliyekusimulia namjua vizuri, maana nilimzaa mimi.

Unajua kifungua mimba wangu tangu apandishwe cheo kule kwenye bima, mkono wake hautulii. Aliniletea televisheni pana kama kitanda, ikabidi picha ya marehemu shemeji yako ihamie ukumbini. Akaniletea kiti cha kukanda mgongo kwa umeme. Nilikikalia mara moja, kikanitikisa kama gunia linalosafishwa, na tangu siku hiyo mwenye kiti ni paka. Nilinyamaza. Wewe mwenyewe uliniambia, nyamaza dada, watoto wa siku hizi wanapenda kwa risiti.

Basi likaja suala la friji.

Friji langu unalijua. Dogo, jeupe, linanguruma kidogo halafu linanyamaza kama mtu mwenye adabu zake. Fundi alilibadilishia mpira wa mlango na sasa linafunga kama jipya. Ndani mna maziwa, nyanya na dawa yangu ya macho. Mimi ni mtu mmoja mwenye tumbo moja, tena tumbo la kizee. Niweke nini kingine mle, majirani? Nimepikia shule nzima kwa masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na friji hatukuwa nalo. Tulipika kinacholika, kikalika, sufuria likasuguliwa.

Asubuhi moja gari la mizigo likasimama getini. Wakashuka wabebaji wawili na sanduku refu kama kabati la nguo. Lilikuwa friji la milango miwili, linalojitengenezea barafu lenyewe, na mbele lina kioo kinachokuambia saa ngapi na hali ya hewa ikoje. Mdogo wangu, mimi nikitaka kujua hali ya hewa natoka nje.

Wakalizungusha hadi uani, kwenye mlango wa jikoni. Likagoma. Wakalilaza ubavu, likagoma. Mbebaji mmoja akampigia mwanangu simu na kuiweka sauti kubwa.

"Bosi, halipiti."

"Bomoeni pembeni kidogo," nikamsikia akisema, hata salamu hakuna. "Huo mlango wenyewe ni wa kizamani. Nitaleta fundi aurekebishe."

Nikasogea karibu na simu. "Baba, unabomoa nyumba ili friji liingie?"

"Mama, ni matofali machache tu! Hasara roho, pesa makaratasi."

"Basi bomoa makaratasi yako. Ukuta huu ni wa matofali."

Nikavuta kigoda changu cha kumenyea viazi, nikakiweka katikati ya mlango, nikakalia. Wale wabebaji wakatazamana. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, sisi tumetumwa tu." Nikamwambia najua, mwanangu, wala sigombani na wewe, kunyweni chai. Wakanywa, wakalifunika lile friji kwa turubai pale uani, wakaenda zao. Nilidhani yameisha.

Wiki iliyofuata binti yangu, yule mwalimu, akaja kunichukua twende kupima macho. Nikafurahi. Baada ya hospitali akasema tupite dukani. Baada ya dukani akasema tupumzike mahali tunywe soda. Mimi nikimwambia twende nyumbani, yeye anaangalia simu. Mtoto uliyemfundisha kusema uongo mdogomdogo kwa wageni humjui akianza kukudanganya wewe.

Niliporudi, vumbi lilinipokea getini. Fremu ya mlango wa jikoni imelazwa chini uani. Ukuta wa pembeni una tundu la kupita ng'ombe. Fundi nisiyemjua amesimama juu ya kigoda changu, nyundo mkononi, na masufuria yangu yote yamekuwa meupe kama yamepakwa unga.

"Nani amekuruhusu?"

Akashuka haraka. "Bosi alisema mama amekubali."

Mama amekubali! Hapo ndipo nilipochomwa, mdogo wangu, na ndipo usipopaelewa wewe. Ukuta unajengeka tena. Lakini kunitoa nyumbani kwangu kwa hila, kama mtoto anayetolewa nje ili anyang'anywe mwanasesere, kisha kuweka maneno kinywani mwangu? Ule ukuta shemeji yako aliujenga Jumapili kwa Jumapili, siku ambazo wenzake walilala, baada ya wiki nzima ya kuwajengea watu wengine. Nilimchanganyia udongo mimi, nikiwa na mimba ya huyohuyo anayeubomoa leo.

Binti yangu akaanza kulia. Nikamwambia alie akifagia.

Kisha nikatoka hadi kwa jirani yangu wa kona, yule auzaye maziwa, ambaye sisi wote tunamwita Mama Mtindi. Friji lake lilikufa zamani, na kila siku jioni humwaga maziwa yaliyochacha kwenye mtaro huku amegeuza uso. Nikamuuliza, mlango wa kibanda chako una upana gani? Akacheka, akadhani natania. Nikamwambia lete mkokoteni.

Jua lilipozama friji lilikuwa kwake, limejaa maziwa, na kioo chake kinawaambia wateja hali ya hewa. Zawadi yangu, nimeigawa mimi. Aliyenipa hakuniandikia masharti.

Jumamosi kifungua mimba wangu akafika, shati jeupe, viatu vinang'aa. Hakukaa.

"Mama, umegawa friji? Unajua lile ni friji la aina gani?"

"Ni la aina isiyoingia jikoni kwangu."

"Watu watasemaje? Wenzangu wa kazini wakija hapa wataona nini? Mimi nakula vizuri, mama yangu anateseka na kijisanduku!"

"Nateseka? Nionyeshe panaponiuma."

Akatazama huku na huku. Akaonyesha friji langu, jiko, hata kigoda. Nikamwambia yote, mdogo wangu, wala sikupunguza makali. Nikamwambia: kama ni macho ya wenzako, wanunulie wao. Mimi si dirisha la duka lako. Kila ukinunua kitu unasema ni cha mama, na mama hujamuuliza hata mara moja anataka nini. Kisha nikamwambia hilo tundu halitazibwa na fundi wa mtu. Alilifungua yeye, atalifunga yeye.

"Mama, mimi sijashika mwiko tangu utotoni."

"Mikono haisahau. Vua shati."

Nilidhani ataondoka. Hata funguo za gari alizishika. Akasimama mbele ya lile tundu, akapitisha kidole kwenye kingo za matofali ya baba yake. Halafu akavua shati, akalitundika kwenye kamba ya nguo.

Basi ungemwona! Udongo wa kwanza aliutia maji mpaka ukawa uji. Wa pili ukawa mkavu kama biskuti. Dada yake akawa anampelekea matofali, wote wawili kimya kama walioadhibiwa shuleni, mpaka tofali moja likamponyoka kaka mtu, likamwangukia kidole cha mguu, akaruka kwa mguu mmoja, na dada mtu akashindwa kujizuia. Wakacheka wakakaa chini. Mimi nilicheka nikiwa nimegeukia jiko, sikutaka waone.

"Baba angenichapa kwa kazi hii," akasema, akiuangalia mstari wake.

"Angeibomoa kwanza," nikamjibu, "ndipo akuchape."

Walirudisha fremu, wakafunga tundu. Matofali yamekaa upogo, mtu angedhani yamelewa. Yule fundi, aliyekuja kuomba radhi, akajitolea kupiga lipu ili yasionekane. Nimekataa. Yatabaki hivyohivyo. Mwanangu alikula sahani mbili, akanawa kwenye bomba la uani, akaondoka na udongo kwenye kucha. Hatukukumbatiana, wala sikumwambia pole kwa friji. Sina pole hiyo.

Kwa hiyo, kitinda mimba, usiniambie nikamwombe msamaha. Siendi. Ninampenda mwanangu, na kwa kuwa ninampenda sitakuwa kabati la kutupia pesa zake. Na wewe pia usijione umepona. Nasikia umenunua seti nyingine ya vikombe vya wageni, na ile ya kwanza haijawahi kumwona mgeni. Nikija huko nitanywea chai humohumo, tena nitavunja kimoja makusudi ili vingine vizoee.

Sasa nikupe la mwisho. Jumamosi iliyopita alirudi, bila kupiga simu. Safari hii hakubeba kitu chochote, hata mkate. Akasimama uani, hajui mikono yake aiweke wapi. Nikaenda stoo nikamletea ngazi, nikamwambia mfereji wa bati umeziba kwa majani. Akapanda.

Nisalimie shemeji, na umwambie kikohozi si siri ya serikali. Wasalimie mawifi zako wote, hata yule asiyenijibu salamu. Binti yangu anakusalimu, na Mama Mtindi anasema ukija kututembelea maziwa ni bure. Mungu akulindie goti na nyumba yako, na akupe watoto wanaokusikiliza, au walau sauti ya kuwafanya wakusikie.

Mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Dada Mkubwa.