Misumari Juu ya Ngama

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Sikuthubutu ulipokuwa hai, sithubutu sasa.

Leo asubuhi Mama alinituma pwani nikaitazame mashua yako kabla Bakari, baharia wako, hajaishusha majini. Miaka saba sikuigusa. Kila nilipokuja likizo nilizunguka upande wa pili wa mji ili nisiione. Ulijua. Hukuniuliza, nami sikukueleza.

Unaikumbuka harusi ya Dada Zuhura. Masika yalikuwa yameikata barabara, ukaamua kumpeleka mwali kwa mumewe Mlingotini kwa mashua yako mwenyewe, wewe kwenye usukani, Bakari kwenye tanga. Mashua ilikuwa imenizidi umri, na ilivuja. Nje hatukumwambia mtu. Nyumbani tulikuwa tumezoea, kama tulivyozoea kikohozi cha Bibi. Kila safari mtu mmoja alikaa karibu na mlingoti, akainua ubao wa sakafu na kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga baharini, yale yaliyojikusanya chini kabisa, kwenye ngama. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Mkono wangu ulikuwa mwembamba, ulipita kati ya mbavu za chombo bila shida.

Siku moja kabla ya safari nilikukuta umepiga magoti, misumari mdomoni, unazipigilia mbao zote. Hata ubao wangu.

"Baba, maji tutayafua wapi?"

Uliitoa misumari mdomoni. "Mwendo wenyewe mfupi. Unataka wakwe wanuse ngama? Waseme mwali kaletwa juu ya maji machafu?"

"Lakini Baba..."

"Nipe ule mkubwa."

Nikakupa. Ndilo ninalolibeba mpaka leo: msumari wa mwisho nilikupa mimi.

Kesho yake sakafu yote ilitandikwa mikeka mipya, ukafukizwa udi. Zuhura aliketishwa katikati ya wanawake, amefunikwa shuka kichwani hadi miguuni, na sanduku lake la nguo likawekwa papo hapo juu ya ubao wangu. Mwali hasemi wala hafunui uso mpaka afike. Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa somo yake wa kumfunza mambo ya ndoa, alimkalia ubavuni kama askari.

Mji ulikuwa umeshabaki nyuma niliposikia baridi ikipenya kwenye kanga yangu. Niliugusa mkeka. Ulikuwa chepechepe.

"Nani kakojoa hapa?" Shangazi akauliza. "Si nilisema watoto wabaki?"

"Mtoto yuko wapi, wifi? Labda wewe mwenyewe, kwa furaha!" mmoja akamjibu.

"Acheni hizo, ni machozi ya mwali. Analia mpaka mkeka umelowa," mwingine akadakia.

Wakacheka, wakapiga vigelegele, wakaendelea kuimba. Mimi nilikutazama. Usukani ulikuwa mzito mkononi mwako. Mashua ilipanda wimbi kwa uvivu, kama mgonjwa anayeinuliwa kitandani. Wanawake kumi, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Nikatambaa mpaka miguuni pako.

"Baba, maji yamefika juu ya mbao."

"Nyamaza."

"Tufungue."

"Nyundo imebaki pwani," ulisema bila kuichezesha midomo. "Tunakaribia. Rudi ukakae. Imba."

Nilirudi nikakaa. Kuimba sikuweza. Likaja wimbi la ubavuni, mashua ikalala upande, na haikufanya haraka kuinuka. Wimbo ukakatika. Hapo ndipo nilipokwenda omoni, mbele ya chombo, nikaichukua ile nanga ndogo ya makucha.

"Hadija! Weka hiyo chini!" ulifoka.

"Sanduku la mwali haliguswi mpaka kwa mumewe," Shangazi naye akapiga kelele, akalikumbatia.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya shuka. "Shangazi, sogea."

Zuhura alilitupa shuka lile. Uso wake wa wanja ulikuwa wazi mbele yetu sote. "Baba, mimi sitafika kwa mume nikiwa maiti," akasema, na kwa mikono yake yenye hina akalisukuma sanduku pamoja nami.

Nikachomeka ukucha wa nanga kati ya mbao, nikauegemea kwa uzito wangu wote. Ubao ukapasuka. Ngama ikapanda, nyeusi, inanuka samaki waliooza na mafuta ya miaka. Mmoja akatapika. Nililala kifudifudi, shavu ndani ya maji, mkono umezama mpaka begani, nikipapasa ubao mmoja baada ya mwingine hadi nilipopata mahali pamba ya kuzibia nyufa ilipotoka, maji yananipiga kiganjani. Zuhura akakichana kisutu chake, ile kanga yake ya harusi, akawa ananipa vipande, nami nikivishindilia kwa vidole nisivyovihisi tena. Wengine walifua kwa sufuria na mabakuli ya halua. Tulifika hivyo.

Wakwe walikuwa wamejipanga mchangani na ngoma. Walipotuona, ngoma ikanyamaza. Ulinishika mkono uliokuwa bado unachuruzika ukaniambia, "Umenivua nguo mbele ya wakwe."

Hukupaza sauti. Laiti ungenipiga.

Baada ya hapo tulisalimiana kupitia kwa Mama. "Baba yako anakusalimu," aliniandikia shule ya bweni. "Nami namsalimu," nilijibu. Nikamaliza shule, nikawa mwalimu. Homa ilipokuchukua nilifika ukiwa umeshazikwa.

Leo nimepanda mashua. Karibu na mlingoti nimekuta kifuniko, Baba. Kimekatwa kwa msumeno mwembamba, kingo zake zimepigwa randa ili mbao zikivimba kisikwame. Mshikio wake ni kitambaa kilichosokotwa. Kimepauka, lakini wekundu na weusi wa kisutu nimeutambua.

"Kwani hukukijua?" Bakari aliniuliza kutoka chini. "Abiria yeyote akipanda, kabla hatujang'oa nanga, Mzee alikifungua mbele yake. 'Ngama hii hapa. Ukiona maji, fungua, usimngoje mtu.' Wengine walimcheka. Hata wale wakwe wa Mlingotini aliwaonyesha."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Mimi ningemuulizaje?"

Nimekasirika, Baba. Umewaambia wachukuzi wa chumvi na wauza nazi, umewaambia wakwe ulioona haya mbele yao, mimi ukaniachia salamu za Mama. Neno moja lingekugharimu nini? Halafu najijibu mwenyewe, na jibu halinipi usingizi: ningepanda mashua mara moja tu katika miaka saba, ningekiona.

Ndani palikuwa na maji ya mvua. Nililala kifudifudi kama zamani. Mkono haupiti tena kwa urahisi, taruma, ubavu wa chombo, limenichubua kiwiko, lakini nimeyafua mpaka tone la mwisho. Bakari aliuliza kama atandike mkeka juu ya kifuniko. Nimemkatalia. Kesho bahari ikijaa ataishusha, nami nitakuwa ndani, nimekaa pale pangu pa siku zote.

Mungu akurehemu, Baba, na kaburi lako liwe na nafasi.

Ni mimi mwanao, niliyekupa ule msumari mkubwa,

Hadija