Malaika wa Kidodi na Malori ya Miwa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudi Mikumi sasa hivi, vumbi la Kidodi bado kichwani. Jumapili baada ya misa waumini wa huko wanapiga kura: kanisa la zamani libomolewe au likarabatiwe. Mzee Urbanus, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ana ramani ya jipya tayari. Padri amenipa nafasi moja tu ya kulitetea la zamani — nilete picha kubwa ya mchoro wa malaika ulio juu ya altare, watu wauone kabla ya kunyoosha mikono. Mle ndani ni giza, na moshi wa mishumaa umeufunika ukuta. Hata mimi niliyebatizwa humo sijawahi kuuona sawasawa.

Leo nimepiga kwa flashi. Aibu! Ukuta unang'aa kama paji la uso lenye jasho, malaika hawaonekani. Miaka kumi na moja ya picha za harusi na paspoti, bado mshamba.

Jumanne, 3 Juni
Bila flashi. Kamera kwenye stendi, lenzi wazi sekunde ishirini. Mwanga unaingia kwa dirisha dogo saa mbili asubuhi, unaugusa mchoro dakika kumi hivi, basi. Kila nikibonyeza — lori la miwa! Barabara ipo hapo hapo, sakafu inatetemeka. Kwenye picha malaika wawili wamekuwa wanne.

Mzee Urbanus akachungulia. Akasema heri nikapige tembo mbugani, wale angalau husimama. Nilicheka kwa adabu, lakini imeniuma. Nitarudi mpaka kieleweke.

Alhamisi, 5 Juni
Jamani. Akina mama wamesikia kuna mpiga picha, wakaja jana kupamba. Satini ya njano na nyeupe kutoka darini hadi altare, maua ya plastiki, misumari juu. Mchoro wote umefunikwa! Kanisa lipendeze, wanasema, lisije likaaibika mbele ya watu.

Kiongozi wao ni Mama Bibiana, ndiye afagiaye humo. Nilimwamkia, nikakaa naye benchini, nikashindwa pa kuanzia. Wamejichangisha, wameshona wenyewe. Mwisho nikasema tu: mama, ninachokitaka kiko nyuma ya kitambaa. Akasema mgeni haonyeshwi chumba kisichofagiliwa. Nikamjibu mimi si mgeni, huu ni ukuta wetu, na Jumapili unakufa.

Akachukua ufagio wake. Nimeondoka bila picha.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefika saa moja na nusu. Satini imekunjwa vizuri juu ya benchi! Mama Bibiana alikuwa anang'oa msumari wa mwisho. Akauliza kingine kinachonikwamisha ni nini. Malori, nikasema.

Akatoka. Akina mama sita wakasimama katikati ya barabara na vitenge vyao, mikono kiunoni. Dereva mmoja akauliza kama kuna msiba. Nikamsikia Mama Bibiana: "Zima injini, baba. Watu wako kazini."

Sekunde ishirini. Sikupumua. Nikarudia mara tatu, honi zimeshaanza.

Nimeipata! Malaika wana sura za watu wa huku. Mmoja kabeba mabua ya mtama, na mguuni ana makubazi ya tairi. Mama Bibiana aliitazama kwenye kioo cha kamera mpaka kikazima. Akasema amefagia chini ya miguu hiyo miaka thelathini na hakujua imevaa nini.

Niko Morogoro, nasubiri ichapwe. Kubwa kuliko meza.

Jumapili, 8 Juni
Naandika nikiwa benchi la nyuma. Misa imekwisha. Picha tumeisimamisha juu ya viti viwili mbele ya altare. Mzee Urbanus ameeleza ramani yake vizuri, sina la kumlaumu. Ameanza: wanaotaka libomolewe wanyooshe mikono. Mikono mingi ilipanda. Nilihesabu mpaka ishirini nikaacha.

Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele akainuka, akaipita picha, akaenda kusimama chini ya ukuta wenyewe na kuinua kichwa. Mwingine akamfuata. Sasa wamejaa pale mbele, wamewasha tochi za simu, wanaelekeza juu, wanaulizana malaika wa mtama ni yupi. Hawaoni vizuri, ila wanatafuta. Akina mama wanawaonyesha kwa vidole.

Mzee Urbanus anagonga meza. Anasema watu wakae, hesabu haijakamilika.

Hakuna anayekaa.