Kofia ya Seif

Jumanne, baada ya Isha

Bi Asha huyu, jirani yangu, ulimi hauna breki! Tunachambua karafuu, anasema wauaji wanyongwe wote dunia ipoe. Mbele yangu, na mjukuu wangu Seif kahukumiwa kitanzi!

"Nyamaza we, usinitie wazimu," nikamwambia.

Mara Mzee Kombo akapiga hodi. Ndiye shahidi aliyeapa kuwa alimuona Seif akikimbia usiku aliouawa mwenye duka kule Konde. Leo kaja kukiri: "Bi Time, sura sikuiona. Niliijua kofia tu."

Kofia! Hapa kofia nzuri huazimwa kila harusi, na ile Seif alikuwa kaiazimisha usiku ule. Alisema mahakamani, hakusikilizwa.

Nilimfokea Mzee Kombo. Lakini kamba ingekuwa imeshakaza, leo angemuomba nani radhi? Kaburi?

Wakili wa Seif kaniambia kwenye simu kuwa neno hili atalipeleka kwenye rufaa, na matumaini yapo. Leo nitalala, inshallah.

Nikamwambia awasemee na wenzake Seif wanaongoja kitanzi. Hata wenye makosa wafungwe, wasinyongwe. Nani anajua? Pengine yumo ambaye Mzee Kombo wake bado hajafungua kinywa.