Mpini wa Karatasi

Kizota, Dodoma

Kwako mke wangu Mama Hadija, huko Kolo,

Salamu zangu zikufikie kabla vumbi la barabara halijazifunika. Mimi huku ni mzima kama nyundo. Meno yaliyobaki yanatafuna, na macho yanaona kila ninachotaka kuona. Wasiwasi wangu ni wewe na goti lako, na yule jogoo mwekundu niliyekukataza kumchinja. Kama ulimchinja, usiniambie. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba karani wala mtoto wa shule. Atakayekuambia kuwa herufi zangu zimelala kama ng'ombe wenye kiu, mwambie nilikuwa wa kwanza kwenye kisomo cha watu wazima, ukimwondoa mwalimu.

Barua yako Hadija aliniletea, nikaisoma mwenyewe mpaka mwisho. Ulisema nirudi nyumbani, shamba la juu limeota kichaka na mimi si kijana. Hayo nilivumilia. Lakini ukaongeza neno ambalo mke hamwandikii mume: "Au unangoja uletwe umelazwa kwenye gari?" Mama Hadija! Niliikunja nikaiweka chini ya jiwe la kunolea, nikaapa sitaijibu. Sasa naijibu, ila jibu linaanzia mbali. Kaa chini, unyooshe goti.

Kazi yangu unaijua. Kuanzia hapa Kizota hadi milima ya Kibakwe, mwenye jembe, shoka au panga anaujua mpini wa Mzee Ramadhani. Ila siku hizi kila kitu ruksa, kila kitu kinaingia. Mapanga yanakuja na mipini ya plastiki, yamefungwa kwenye mfuko kama biskuti. Watu wananunua. Ikivunjika wanarudi kwangu wamenywea, nami nawaambia, "Nendeni kwa aliyewauzia biskuti awape nyingine." Halafu nawatengenezea, maana nina huruma. Lakini nisikufiche, siku nyingine nakaa mpaka adhuhuri nikinoa kisu changu mwenyewe tu.

Kisu hicho unakikumbuka. Kile cha kukunja, ubapa wake niliufua kutoka springi ya lori, mpini wake mpingo. Ndicho kilichokuwa mfukoni siku niliyokuja kwenu kuposa. Baba yako alikiomba akitazame, akakitazama mpaka chakula kikaisha. Mpini ule haujawahi kutikisika. Kisu hicho nimefungulia makopo, nimepigilia misumari, nimemtishia nacho mwizi wa kuku akaacha na viatu vyake.

Sasa sikia. Mkwe wetu Yahya amerudi kutoka Ulaya alikopelekwa na ofisi yao kusoma. Wakaja na Hadija kunisalimia hapa karakana, wametoka kwao Makole wamevaa vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekonda. Huko hawali?"

"Wanakula, baba, ila ugali hawaujui."

"Basi hawali."

Akatoa chungwa animenyee. Akatoa na kisu, cha mfukoni, cheusi ti, chembamba. Nikakishika. Chepesi! Kama umeshika kifaranga. Nikamuuliza, "Mpini huu wa nini? Pembe?"

"Kaboni, baba."

Sasa wewe hujazoea maofisi, acha nikueleze. Kaboni ni ile karatasi nyeusi ambayo makarani huiweka katikati ya karatasi mbili, ukiandika juu inaandika na chini. Laini kama ngozi ya kitunguu, tena inachafua. Nilipokwenda kuomba leseni nilikiegemea kitu hicho mezani, nikarudi nyumbani jina la mtu mwingine limo kwenye mkono wa kanzu yangu. Ndiyo kaboni hiyo. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mkwe, Wazungu wamekupa kisu chenye mpini wa karatasi!"

"Siyo ile kaboni ya ofisini, baba. Hii ni nyuzi..."

"Nyuzi! Sasa ni karatasi au ni shati?"

Watu wa karakana wakaangua kicheko, nami nikanogewa. Ndipo Mama Neema, yule Mgogo anayetuuzia uji, mwenye ulimi wa kukatia bati, akasema, "Mzee, kama ni karatasi, mbona unapiga kelele hivyo? Unaiogopa?"

Mimi? Nikasimama. Nikaapa mbele ya wote: siku karatasi itakaposhinda mpini wangu, siku hiyo nafunga zana zangu, narudi Kolo kulima, na sitengenezi tena mpini wa kuuza.

"Mmesikia wote?" Hadija akadakia.

Ningepaswa kushtuka kwa haraka aliyodakia nayo. Mtoto yule ana damu yako.

Nikaanza na maji, kwa sababu karatasi adui yake ni maji. Kisu cha mkwe nikakitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni tangu asubuhi hadi wakati wa alasiri. Mimi nikaendelea na kazi, nikifikiri nitakikuta kimekuwa uji. Nikakitoa, nikakiminya, nikakisugua kwa nguvu. Nikatazama vidole: vyeusi! Nikapiga ukelele, "Kinachuja! Njooni muone, kinachuja!" Watu wakaacha kazi wakaja mbio. Mama Neema akanishika mkono, akaugeuza huku na huku kama anayenunua samaki.

"Mzee, haya ni masizi. Si ulikuwa unapuliza moto wa mkaa sasa hivi?"

Nikanawa. Nikaminya tena. Vidole vikatoka safi kama vya imamu. Nikawaambia maji ya Dodoma ni magumu, hayalainishi hata maharage. Hilo ni kweli, na wewe unalijua.

Kesho yake nikaviweka vyote viwili juu ya bati, changu na chake, jua liamue. Jua la huku unalijua, na upepo wake unakausha hata mate mdomoni. Jioni nikavishusha. Cha mkwe kilikuwa na joto tu. Changu kilikuwa na mstari mwembamba karibu na msumari. Nikasema mstari ule ulikuwepo siku zote. Haukuwepo.

Yahya akaniona ninavyouficha kwa kidole gumba. Akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa. "Baba, yaishe. Kisu chako kimeshinda. Mimi nimekubali."

Mkwe hamshindi mkwewe, hiyo ndiyo adabu, nami namsifu. Lakini Ramadhani hapewi ushindi kama sadaka. Nikamwambia, "Keti. Nitashinda mwenyewe."

Pale getini palikuwa na lori linapakia simenti na mabati ya kwenda Kibakwe. Nikamwambia dereva, akikanyage kisu hiki na hiki kwa tairi la nyuma, tujue moja. Dereva akafurahi, maana madereva hufurahia uharibifu. Tukaviweka juu ya sakafu ya simenti. Nikaenda kufunga kamba ya suruali, nilipogeuka nikamwona Yahya amechutama, jasho linamtoka. Chini ya kisu changu ametandika gunia, amelikunja vizuri kama kitanda cha mtoto mchanga. Chini ya kisu chake ameegesha nati ya chuma, ili tairi likija likivunje katikati.

Yaani mkwe wangu alikuwa anatafuta kushindwa, Mama Hadija! Anahangaika kuvunja kisu chake cha Ulaya ili mimi nisiaibike.

"Mkwe! Unanionea huruma?"

"Hapana, baba. Nilikuwa... nafagia."

Nikalipiga teke gunia. Na ile nati nikaitoa pia, maana mimi ni mtu wa haki. Visu vyote vikalala juu ya simenti tupu, sawasawa. Hapo ndipo nilipojichimbia mwenyewe. Lakini nilijichimbia kwa haki.

Lori likapita. Ikasikika sauti moja: kah! Sauti ile naijua. Nimeisikia kwenye mipini ya watu wengine maisha yangu yote.

Mpingo ulikuwa umepasuka vipande viwili, kwenye mstari uleule ambao haukuwepo. Cha mkwe kilikuwa kimelala vilevile. Ubavuni kilikuwa kimemeguka kidogo, kama punje ya ulezi. Nikakiinua juu. "Kimeumia! Tazameni, hapa, kimeumia!" Hakuna aliyetazama. Yahya akasema kwa sauti ndogo, "Baba, gari lilikuwa zito zaidi upande wako."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Gari langu halina upande wa mkwe!"

Walicheka, walicheka mpaka uji ukaungua. Hadija peke yake hakucheka. Aliokota vile vipande, akavipangusa kwa kanga, akavitia kwenye mfuko wa shati langu, akaufunga kifungo. Halafu akasema taratibu, "Baba, kiapo ni kiapo. Na mama anakungoja."

Nilimwita mkwe, nikamwambia anieleze tena hiyo kaboni yake, na safari hii nilinyamaza. Kumbe ni nyuzi kweli. Zinasukwa, zinapishana, kisha zinamwagiwa gundi mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu. Nikakisogeza karibu na jicho langu zima, na kweli nikaona: weusi juu ya weusi, uzi mmoja unapita juu, mwingine unapita chini, vilevile kama kapu lako la kubebea mahindi. Mama Hadija, kilichonishinda ni msuko. Miaka yote nakuambia kusuka ni kazi ya kupitishia mchana, kitu kigumu ni mti. Kapu lako limebeba mahindi ya shamba lote la juu, wala halijasema kah hata siku moja. Lakini usijivune. Wewe hukutia gundi.

Basi jibu ni hili. Alhamisi napanda basi. Zana nimefunga. Mama Neema amenipa chupa ya uji wa njiani bila kuniambia neno baya hata moja, nikajua kweli naondoka. Niliapa kurudi na nitalima, lakini sikuapa kunyamaza, kwa hiyo majirani wajiandae. Na ule mpingo nyuma ya zizi usiguswe. Kisu changu kinataka mpini mpya, na mpini huo si wa kuuza, kwa hiyo kiapo kipo palepale.

Nisalimie mdogo wangu aliyeazima jembe, mwambie mwenye jembe anakuja. Nisalimie shemeji yangu wa mbuzi wengi, na umkataze kuutazama mpingo wangu kwa macho ya mkaa. Nisalimie mwalimu wa madrasa, na shangazi yako asiyesikia. Yeye mpigie kelele, atafurahi. Kapu lako usilisalimie. Nitalisalimia mwenyewe.

Uliuliza kama nangoja niletwe nimelazwa. Nakuja nimekaa, tena dirishani. Ukiniona nashuka na sanduku la zana, usicheke mbele ya watu. Ngoja tufike ndani.

Ni mimi mumeo, ambaye hajashindwa na mtu, ila na kapu,

Ramadhani, Baba Hadija