Jina la Tatu Kwenye Mashine

Machimboni, Geita
20 Agosti 1998

Wifi yangu mpendwa Zipora,

Shikamoo wifi. Habari za hapo Kahama, na mpunga mmevuna salama? Maige ameshapona surua yake? Sisi huku tunapumua, Mungu hajatuacha. Mdogo wako Deusdedit bado yuko kwenye machimbo ya mbali, mwezi wa pili huu, na salamu zake za mwisho zililetwa na mtu aliyerudi na homa.

Barua hii anakuletea Mayu, mama yako mwenyewe. Nimemwambia anakuja kutibiwa macho. Mpe kiti kwanza, mpe maji, umchemshie uji, halafu ukae pembeni uisome peke yako. Usiucheke mwandiko wangu wa darasa la nne.

Wifi, unaikumbuka ile mashine ya gemu aliyoinunua Deusdedit hapo kwenu, dukani kwa Pranlal? Aliniachia niiendeshe sebuleni kwa jenereta, na wachimbaji huja mchana wakitoka zamu. Kaseti wanayoipenda ni ya mtu anayeshuka mapangoni kutafuta hazina. Mimi hunichekesha, mtu ametoka shimoni sasa hivi, anakaa kitako alipie shimo lingine. Kaseti hiyo inatunza majina matatu. Ukishaandika jina lako, kesho mashine ikiwashwa inakutambua, unaendelea pale ulipoishia. Jina likikosekana, wewe ni mgeni, unaanza mlangoni.

Jina la tatu lilikuwa la Maduhu, kijana mmoja mcheshi wa Maswa. Alikuwa amecheza zaidi ya mwezi, amefika mbali kuliko wote. Mayu alimpenda, alikuwa akimwekea kiazi cha kuchoma jivuni.

Alhamisi ya wiki iliyopita Maduhu alikuja na mwenzake Selestine na wengine wanne. Kuwasha mashine, jina lake halipo. Mahali pake pameandikwa HOLO. Selestine akalisoma kwa sauti, watu wote wakageukia jikoni, maana hapa kambini wanamjua Holo mmoja tu, naye ni Mayu. Wakati huo huo Mayu akatoka jikoni na kiazi mkononi, macho mekundu kama unavyomjua, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia miaka yote. Maduhu akamtania, akamwuliza bibi mbona umenimeza. Mayu naye akamjibu ammeze ana nyama gani, mifupa mitupu hiyo. Wakacheka wote wawili. Wengine hawakucheka.

Mimi nikajifanya fundi. Nikachomoa kaseti nikaipuliza, nikasugua meno yake kwa pamba na spiriti, nikabadilisha waya unaokwenda kwenye televisheni, nikatafuta stesheni upya, nikazima jenereta nikaiwasha. Kila nikirudisha, HOLO yupo, Maduhu hayupo. Selestine akasema niache kuhangaika na nyaya, kwani yale majina mawili ya juu yanasoma vizuri. Akasema waya hauchagui mtu.

Jumatatu duara, shimo wanalochimba, likamwangukia Maduhu. Walimtoa hai, mguu umevunjika mara mbili, fahamu zimepotea. Kufika jioni kambi nzima inasema jina lake lililiwa kwanza, mwili ukafuata. Na lile neno la nyama na mifupa linarudiwa kila kijiwe. Wifi, wewe ni mtoto wa Usukumani, unajua wazee wetu wanafanywaje wakiitwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu. Sina haja ya kukuandikia.

Jumanne Selestine alikuja na wawili nisiowajua. Hawakutaka gemu. Wakauliza Mayu ana umri gani, wakauliza analala chumba kipi. Nikasema analala na mimi. Jana asubuhi nikakuta mlango wa chumba chake umechorwa msalaba kwa mkaa. Niliufuta kwa kanga kabla hajaamka. Mama Dorah, jirani yangu, alikwenda hospitali akarudi na habari njema kwamba Maduhu amefumbua macho, ameuliza viazi vya bibi. Nilitaka kuruka kwa furaha. Selestine aliposikia akasema ndivyo mchawi anavyomwita mtu wake.

Sasa nikuambie, wifi, maana nimelizunguka vya kutosha. Hakuna aliyeliondoa jina la Maduhu ila mimi.

Unajua mtoto wetu tulimpa jina la Mayu. Na unajua kwa adabu ya kwetu mkwe halitamki jina la mama mkwe. Basi tangu nimzae mwanangu sijamwita kwa jina lake hata siku moja. Namwita Bibi, na kambi nzima inamwita Bibi, hawajui kama ana jina jingine. Jumatano ile mchana hapakuwa na mteja. Nilikuwa nimempakata, nikawaza, kinywa changu kimekatazwa, lakini kidole hakijakatazwa. Nilitaka nilione jina lake tu mara moja likiwaka pale kwenye televisheni. Nafasi zilikuwa zimejaa, nikabonyeza jina la tatu, mashine ikaniuliza kwa Kiingereza nisichokielewa, ikanipa maneno mawili, nikachagua la kwanza. Nikaandika herufi moja moja. Mtoto akapiga makofi. Niliporudi kumtafuta Maduhu, hayupo tena.

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu. Ya pili kwa hofu, nikasema wakinigeukia mimi, mwanangu atabaki na nani. Nikamwacha mama yako asimame mahali pangu, naye kila asubuhi ananiuliza mbona sili.

Ndiyo maana umemwona mtoto mgongoni kwake. Nimemwachisha ziwa juzi, matiti yananiuma hadi kwapani. Basi lao likishaondoka nakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Yeye na Gregory, mume wa Mama Dorah, wamemwita Selestine na wenzake wote waje kwangu saa nne, jua likiwa juu. Nitawasha mashine mbele yao. Nitafuta jina nililoandika, niliandike tena, nilifute tena, mpaka waone kwamba hapakuhitajika uchawi, palihitajika mjinga mmoja tu. Mama Dorah anahofia watasema namfichia mkwe wangu. Naogopa, wifi, sitakudanganya. Lakini wakikataa kuniamini, watakuta nyumba haina mzee wala mtoto.

Ukimaliza, msomee Mayu yote, usiruke penye aibu yangu. Mimi nilishindwa kumwambia huku ananitazama. Akinikasirikia, ana haki. Akinisamehe, nitumie neno kwa basi la Jumamosi, nami nitakuwa stendi, Mungu akipenda.

Mtoto hapendi maziwa ya moto, na hulala akishika sikio la mtu. Msalimie sana Baba Maige na watoto. Mayu anafunga kikapu, ananiuliza naandika nini kirefu hivyo kwa ajili ya macho tu.

Ni mimi wifi yako,
Justa, Mama Holo