Harufu ya Mapera Mikononi mwa Deborah

Njia ya Kasapa,
Lubumbashi,
Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024

Mpendwa mwanangu Kapya,

Nakusalimu kutoka kitandani. Je, mvua za Mitwaba zimeyaachia mahindi yako? Na kile kifua chako kimetulia? Kwangu mimi, baba yako mkubwa, moyo umechoka na miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa. Daktari hanifichi kitu tena. Usinihurumie, jikaze tu, usome mpaka mwisho.

Deborah yu hai. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yanayofuata si mema. Ulipofiwa na mkeo ulituletea huyu binti asome, nasi tukakuahidi kumlea. Sasa haendi shule, na analala jikoni peke yake.

Unajua kwamba Victorine, binti yangu, alimzika kitinda mimba wake, Fils, baada ya Noeli. Ilikuwa malaria, nilimwona mtoto anavyotetemeka. Lakini pasta wa kanisa lao la maombi aliuliza ni nani katika nyumba hii anayetembelewa na popo. Wote wakamtazama mwanao.

Kapya, popo hao niliwaita mimi. Tangu nishindwe kutoka nje, nilimwomba Deborah aniokotee mapera yaliyoiva mno, ayaponde, ayaweke dirishani mwangu jua likizama. Miaka yote niliyofundisha chuoni Kasapa niliwapenda wanyama hao, nikataka kuwasikia mara ya mwisho. Wale wadogo wa darini huwinda kwa masikio: hutoa sauti nyembamba tusiyoisikia, na mwangwi ukirudi wanajua mdudu yuko wapi. Hawa wakubwa walao matunda hutegemea macho, yanayoona hata kwenye mwanga hafifu, na hasa pua. Pera bivu hulinusa toka mbali, na wakilikaribia wanajua kama limeiva au bado. Hata mama, kati ya watoto wengi, humjua wake kwa harufu. Nilipomweleza Deborah hayo alicheka, kama mjukuu kwa babu yake: "Nkambo, basi mimi nikipotea, weye utaninusa?"

Jioni moja pasta aliwapanga watoto wa nyumba uani. Deborah alikuwa ametoka kuponda mapera yangu. Maji ya matunda hayo yalikuwa mikononi, kwenye gauni, hata kwenye nywele. Popo mmoja akashuka, akamzunguka kichwa, akaenda, akarudi. Pasta akapiga kelele: "Munaona? Juu ya nini haiendee batoto benzake?" Nilikuwa nimebebwa hadi barazani, na hata mimi, kwa pua yangu ya kizee, niliisikia harufu ile. Deborah alinitazama. Nikainamisha kichwa.

Niliogopa. Hapa mzee naye huitwa mchawi upesi, sembuse mzee anayelisha popo. Niliogopa kutupwa nje nife barabarani. Mtoto wa miaka tisa alichapwa na hakunitaja. Mimi, niliyesomesha vijana wa watu, nikanyamaza.

Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikasema yote mezani. Victorine akanijibu: "Papa, masomo yako ya Kasapa ibakie kule kule. Popo inanusa, popo inanusa! Na mutoto wangu aliyekufa, nani alimunusa?" Wamekwishakata shauri: Jumapili hii Deborah atafungiwa kanisani, bila chakula wala maji, mpaka aungame. Alivyokonda, hatatoka mzima.

Basi nilimwuliza pasta, kama mtu asiyejua: mwenye popo akijitaja mwenyewe, mtoto atafanywaje? Akasema ataachiwa arudi kwao. Kwa kuwa ukweli wangu wameukataa, nitawapa uongo wanaoweza kuuamini. Nitaomba nibebwe mpaka mbele, niseme kwamba uchawi ni wangu, na kwamba mtoto nilimtuma bila yeye kujua. Watanisadiki mara moja. Kama Mungu ataniuliza kuhusu uongo huo, nitamjibu mwenyewe.

Simu yangu wameichukua, ndiyo maana nakuandikia. Zakari, dereva wa lori, atakukabidhi barua hii. Rudi naye huku mara moja. Deborah atakuwa kwa jirani yetu Mama Asha, mshonaji, aliyekubali kumpokea baada ya ibada.

Ukifika utasikia wakinitukana. Usinitetee, maana ukinitetea watamrudia mtoto. Ukiambiwa nimezikwa, usiulize kaburi. Mchukue Deborah muondoke, na mkiwa mbali mwambie kwamba nkambo yake alijua toka mwanzo kuwa hana kosa.

Nisalimie shangazi yako Myriam na mdogo wako Mwape. Victorine usimchukie, msiba umemshika mkono, na pasta ameushika mwingine. Mungu awakaushie barabara hiyo ya matope, awafikishe salama, na mtoto arudi darasani.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nimechelewa kuuonyesha upendo huo,
Baba yako mkubwa,
Adalbert