Taa ya Meza ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimekoroga tena. Silikoni, halafu chembe za nano, unga mwepesi hata pumzi inaupeperusha. Baba amekaa mezani kwake, anatengeneza redio ya mteja huku akinung'unikia mwanga. Taa ya meza hiyo nimeshaibadilisha mara kadhaa. Anasema LED za siku hizi takataka. Nakubali. Ile silikoni inayofunika kijitaa chenyewe ikipigwa na joto inageuka njano, mwanga unafifia. Joto la Kariakoo halina huruma. Ametamka kwamba asipoona vizuri ataacha kazi. Akikaa nyumbani atanyong'onyea, namjua. Basi nitaunda taa yangu, silikoni yake nimeichanganya na unga huu ili isigeuke njano.

Jumatano, 5 Machi
Imeharibika. Nilizidisha unga, tamaa tu. Ukashikana mabonge, silikoni ikawa nyeupe kama tui zito, mwanga ukabaki ndani humo humo. Nimekasirika. Baba amecheka. "Manka, na wewe! Hata chumvi mchuzini inawekwa kidogo."

Nimemkumbuka Baba wa enzi zile, akiuza karabai duka hili hili. Umeme ukikatika, mtaa mzima kwetu. Anapampu, karabai inavuma, uso wake unang'aa, na mimi natembea kifua mbele kwa sababu huyo ni baba yangu. Harufu ya mafuta ya taa mpaka kwenye sare zangu za shule. Natamani hata ile harufu.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua. Umeme hakuna. Baba amesimulia Kariakoo ya nyumba za chini, kabla ya maghorofa. Sikumkatiza.

Jumanne, 11 Machi
Unga kiduchu safari hii. Nimekoroga taratibu, nikavuta mapovu yote kwa pampu. Imeganda safi, unaona hadi chini. Kipima mwanga kinasema imeipita ya dukani. Nimeruka peke yangu! Naiacha iwake mfululizo ndani ya boksi la bati, chini ya paa, ikione cha moto.

Jumatatu, 24 Machi
Bado inawaka. Haina njano hata chembe.

Ila siku imekuwa mbaya. Mama Zuhura, mteja wetu wa Magomeni, amekuja kuchukua redio yake. Haiimbi. Baba alichomea waya mahali pasipo pake. Ameisingizia taa ya mezani kwake. Mama Zuhura akasema kwa upole, "Hamna neno mzee wangu, nitapita tena." Ule upole ndio ulioniuma.

Jumanne, 25 Machi
Nimeifunga taa yangu juu ya meza. Duka zima limekuwa jeupe. Mimi mwenyewe nimefinya macho. Baba ametulia, mikono mezani, anasubiri. Kisha akauliza, "Umeshawasha?"

Nimetoka nje nikalia katikati ya wauza mitumba.

Sisi ni watu wa taa. Kwetu kitu kisipoonekana, inabadilishwa taa. Mwaka mzima tumezilaumu balbu, na hakuna aliyemtazama Baba usoni.

Ijumaa, 28 Machi
Tumetoka kliniki. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema upasuaji utasaidia, lakini tumechelewa, tusitegemee yote yatarudi. Baba ameuliza kama ataweza kuchomea waya tena. Daktari akasema tutaona.

Njiani Baba alinishika kiwiko tukavuka barabara. Mkono wake mzito. Leo duka hatukufungua.